Nani Alifuta Miwani Yenye Masharubu?

"Wewe, Navratil! Wewe ndiye umeniua leo!"

Kidole cha maestro kilikaribia kuniingia puani. Nyuma yake wapiga muziki arobaini, vyombo mikononi, kimya kama wako msibani.

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Umezichezea karatasi! Daktari Stadlmayr, huyu mtu nisimwone hapa tena!"

Mkurugenzi wetu, Daktari Stadlmayr, ni mama asiyepiga kelele. Akatazama saa yake. Ilikuwa saa saba na dakika tano.

"Poldi," akaniita kwa jina langu la kwanza, "una mpaka saa nane uniambie nani kafanya hivi. La sivyo, rudisha funguo."

Miaka ishirini na sita ya kazi... imebaki dakika hamsini na tano!

Wadau, niliacha shule nikiwa na miaka kumi na nne. Kusoma muziki sijui mpaka leo. Kazi yangu, kwenye ukumbi mmoja hapa Vienna, ni kupanga viti, kubeba ngoma na kuweka karatasi za muziki mbele ya kila mpigaji.

Maestro Kasimir Thurnwald ni jina kubwa. Tiketi zake zinaisha mwezi mzima kabla. Anapiga piano na papo hapo anaiongoza orkestra. Tunang'oa mfuniko wa piano, anakaa katikati, mgongo kwa watu, uso kwa wapigaji.

Sasa mikono iko kwenye piano, utaongoza na nini? Yeye anaongoza kwa kichwa. Na kile kichwa... kinakwenda kama cha kuku anayekunywa maji. Hakuna anayejua aanze lini.

Wapigaji wana tabia moja. Mahali pa hatari kwenye karatasi wanachora miwani ndogo kwa penseli. Maana yake: hapa inua macho, mtazame kiongozi.

Kwenye karatasi za Thurnwald, ile miwani ilikuwa na masharubu chini yake.

Ya nani? Ya Gernot! Mpiga violin wa kiti cha kwanza, rafiki yangu wa miaka kumi na tisa. Yaani mwache maestro na kichwa chake, wewe tazama upinde wa Gernot.

Tuliishi hivyo miaka kumi na moja. Sote tulijua. Maestro hakujua, na magazeti yakamsifu.

Basi Jumapili hii, onyesho la saa tano asubuhi, ukumbi umejaa hadi juu. Maestro akapiga kipande chake cha peke yake. Vidole vikatetemesha noti mbili za mwisho, na hapo orkestra yote inatakiwa kuingia pamoja.

Hakuna aliyeinua macho, hakuna aliyeingia.

Maestro akatikisa kichwa. Nusu wakaingia. Akatikisa tena, tarumbeta zikaingia kama watu waliochelewa treni!

Haikupona tena. Violin zinakimbia, piano inazifukuza. Mama mmoja mstari wa tatu akafunga pochi akaenda zake. Hapa Vienna ukiona watu wanakimbilia makoti yao kabla ya mwisho, ujue umekwisha.

Nilipokusanya karatasi, nikachoka. Nyeupe! Miwani yote na masharubu yote yamefutwa.

Nani?

Akili yangu ikaenda kwa mtu mmoja tu. Jumamosi, kwenye mazoezi ya mwisho, maestro alimwambia Gernot mbele ya wote, "Unapiga kama karani wa posta." Gernot akaninong'oneza, "Iko siku nitamwacha aogelee peke yake, Poldi."

Na baadaye nilimwona kwa macho yangu akirudi ukumbini peke yake. Karatasi zote ziko kwenye stendi.

Nilimkuta kwenye kibanda cha soseji, ng'ambo ya barabara.

"Gernot, jana ulirudi ukumbini kufanya nini?"

"Kuchukua skafu yangu. Vipi?"

"Skafu! Mwezi wa tano?"

"Shingo inaniuma, bwana. Violin naiweka wapi, kwenye goti?"

"Ulifuta wewe! Ulitaka azame. Nyoka mkubwa, na kazi yangu inakwenda!"

Soseji yake ikabaki hewani.

"Poldi... mimi nakaa kiti cha kwanza. Orkestra ikianguka naanguka nayo, na leo mama mkwe wangu alikuwa mstari wa pili. Nijifute masharubu mwenyewe?"

"Nani sasa?"

"Sijui. Nilimkuta maestro tu, kwenye piano, anafanya mazoezi." Akaishusha soseji. "Ila sikusikia hata noti moja."

Akaitupa soseji, akaondoka bila kuniaga.

Nikaona ananizuga. Lakini miguu ikanipeleka kwenye piano. Haina mfuniko, kila kitu kiko wazi. Ijumaa niliifuta vumbi mwenyewe, ndani ikang'aa.

Nikainama na tochi.

Chini ya nyuzi kulikuwa na chembechembe za kijivu. Nyingi. Nikazishika, zikaviringika kidoleni.

Raba ya kufutia penseli!

Nilizizoa nikazitia kwenye kikombe cha karatasi. Saa nane kasoro dakika tatu nikakiweka mezani, chumba cha maestro, mbele ya Daktari Stadlmayr.

"Zimetoka ndani ya piano yako, maestro."

Alichovya kidole ndani ya kikombe.

"Jana niligeuza karatasi ya mpiga tarumbeta," akasema taratibu. "Nikaona kile kichoro. Nikadhani utani. Nikageuza nyingine, na nyingine... Kila stendi, Navratil! Nikazileta kwenye piano, nikafuta zote. Nilitaka kujua kama yupo hata mmoja anayenifuata mimi."

"Na ukanibebesha mimi?"

Akainua macho. Mekundu.

"Miaka kumi na moja umesimama pale mlangoni ukiniambia, 'Maestro, leo umetisha!' Ulikuwa unajua?"

Wadau, nikazitoa funguo mwenyewe, nikaziweka mezani.

Daktari Stadlmayr akasema, "Poldi, baki na funguo zako." Naye akainamisha kichwa. Hata yeye alijua!

Jumanne onyesho lilirudiwa. Tuligeuza piano ubavu, tukarudisha mfuniko. Maestro akapiga tu, Gernot akasimama akaongoza. Hakuna aliyekimbilia koti.

Mtu mkimbeba kwa siri na kumsifu usoni, mnamchimbia shimo. Siku akiligundua, ataangukia humo na atamshika aliye karibu.

Na Gernot? Siku nne hajanisemesha. Jana nimekuta karatasi imetundikwa kwenye msumari wa koti langu. Amechora miwani kubwa, safari hii haina masharubu. Chini ameandika:

"Kabla hujamwita mtu nyoka, vaa hii kwanza."

Nimeiacha palepale. Siifuti.