Kukonyeza Mara Tatu

Jiko lilikuwa safi mno. Mtu amekula bugali wa moto jana yake, nyumbani kwake, umepikwa kwenye mafiga yake mwenyewe, kisha asubuhi anaingia jikoni kutafuta kaa la kuwashia sigara na anakuta mafiga yamepoa, hakuna kaa, hakuna jivu, hakuna hata weusi chini ya sufuria. Casimir alipitisha kidole kwenye udongo, akakitazama. Hakikuwa na kitu.

Ngoja nianze mwanzo, maana watu wa Baraka wakisimulia habari hii huanzia katikati, halafu wanagombana.

Casimir alikuwa mwendesha mashini. Mwaka ule wa hamsini na saba Baraka haikuwa na umeme isipokuwa wa mashini moja ya mafuta ya mazutu, iliyokaa ndani ya nyumba ya mabati karibu na ziwa, nyuma ya kiwanda cha pamba. Ilitoa taa kwa nyumba za wazungu, kwa ofisi, kwa hospitali ya masista, na kwa nguzo kumi na moja za njia ya sokoni. Watu wa Fizi waliposhuka kutoka milimani walisimama chini ya nguzo zile wakazitazama mpaka shingo zikauma. Saa kumi na mbili jioni Casimir aliwasha, saa tatu alizima. Na kabla ya kuzima, dakika kumi hivi, alishusha mkono wa swichi na kuupandisha mara moja, taa zote za Baraka zikafumba na kufumbua. Huko ndiko kukonyeza. Watu walisema, "Casimir amekonyeza," wakatafuta vibatari vyao.

Lakini kulikuwa na kukonyeza kwingine, mara tatu, upesi upesi. Huko kulikuwa kwa Florentine, mke wake. Maana yake: bandika maji, niko nakuya. Florentine akiona taa ya nguzo ya mwisho, ile iliyo karibu na nyumba yao, inafumba mara tatu, alibandika maji ya bugali. Casimir alipofika, sahani iko chini ya kifuniko, sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo wa ndakala na mawese, na mtu yupo wa kumwuliza, "Leo mashini ilikusumbua?" Mji mzima ulijua. Vijana walimtania: "Tata Casimir, we unaita bibi na mashini ya wazungu!" Naye alicheka, maana alikuwa anampenda, basi.

Florentine alikufa katika hospitali ya masista, akizaa, mwezi wa pili. Saa mbili jioni mkanda wa mashini ulikatika, sista akiwa na kisu mkononi. Mkanda mpya ulikuwa umeagizwa Albertville na meli haijaleta. Casimir aliushona ule wa zamani kwa waya, vidole vinatoka damu, na taa zilipowaka tena Florentine alikuwa amekwisha kufunikwa shuka, yeye na mtoto. Hakuna aliyemlaumu. Sista mwenyewe alimwambia hana kosa. Alijilaumu mwenyewe, na lawama ya namna hiyo haina shahidi wala hakimu, inakula tu.

Wahenga walisema upweke ni uvundo. Jioni baada ya jioni Casimir alirudi kwenye nyumba ya giza, akatafuna muhogo wa baridi, akalala na viatu miguuni. Hata kikohozi chake mwenyewe kilimshtua. Ndipo siku moja, Baraka ikingoja akonyeze mara moja, mkono wake uliozoea ukashuka na kupanda, ukashuka na kupanda, ukashuka na kupanda. Alibaki ameshika swichi, analia, mtu mzima.

Alipofika nyumbani, moshi ulikuwa unatoka jikoni.

Alidhani ni Marthe, jirani yake, mjane mwenye mdomo mkali na roho nzuri. Bugali ulikuwa chini ya kifuniko, wa moto, pamoja na sombe. Chumvi hakuna. Akala wote, akalamba vidole. Kesho yake ndipo alipolikuta lile jiko lisilo na jivu, akavuka ua kwenda kutoa shukrani.

"Mi?" Marthe alisema. "Mi sikupika kitu. Jana nilikuwa Mboko kwa yaya, dada yangu mukubwa, nimefika sasa hivi, ona hata kitunga sijatua. Nani amekupikia?"

"Sijui, mama."

Marthe alishusha kitunga polepole. Akasogea karibu, akapunguza sauti.

"Casimir. Ile chakula ilikuwa na chumvi? Watu wa chini ya ziwa hawagusi chumvi."

"Ilikuwa nayo," Casimir alidanganya. Alidanganya kwa sababu alikuwa ameanza kuingoja jioni.

Jioni hiyo alikonyeza mara tatu kwa kusudi. Akazima mashini, akafunga mlango wa mabati, akapita chini ya nguzo zilizokufa. Ndani ya nyumba kulinuka mawese, na nyuma ya mawese kulinuka tope la ziwa. Akakaa kwenye kiti chake. Giza lilikaa mbele yake kidogo, kisha likasema:

"Leo mashini ilikusumbua?"

Ilikuwa sauti yake. Sauti ya Florentine, na mkwaruzo wake mdogo wa asubuhi, na ule mchezo wake wa kuvuta neno la mwisho. Mtu mwenye akili angevunja mlango akitoka. Casimir alivuta sahani.

"Kidogo," akajibu.

Tangu siku hiyo hakuwa peke yake. Walizungumza, alikula, akalala. Ila kila jioni mwenzake aliomba jambo moja, kwa upole, namna mke anavyoomba kitenge.

"Zima mapema, Casimir. Ile taa ya nguzo inanichoma. Mi siwezi kuingia kama haijakufa."

Basi akazima saa mbili na nusu. Halafu saa mbili. Halafu saa moja, jua lenyewe halijasahaulika. Muzungu msimamizi wa mashini alikuja na tochi, uso umeiva.

"Maji imeingia mu mazutu, bwana," Casimir alimwambia.

Mapipa yakafunguliwa, mazutu ikachujwa kwa kitambaa, haikuonekana hata tone la maji. Kesho yake taa zikakatika tena. Bamama waliouza samaki chini ya nguzo walirudi na vitunga vilivyojaa, samaki wakaoza. Wanaume waliojifunza kusoma jioni kwa mapadri walifunga daftari. Kule hospitali dawa za kwenye friji ziliharibika, na sista akaanza kushona vidonda kwa mwanga wa taa ya mafuta. Watu walinung'unika, eti mashini imezeeka, eti wazungu wanabana mazutu. Hakuna aliyemtazama Casimir sawasawa, ila Marthe. Marthe aliona kwamba mtu huyu kila siku anasema ameshiba, na kila Jumapili anatoboa tundu jipya kwenye mshipi wa suruali.

Usiku wa mvua kubwa, akiwa anakula na kusikiliza habari ndefu za shamba lao la zamani kule Lulimba, radi ilipiga juu ya ziwa na nyumba nzima ikawa nyeupe, dirisha, ukuta, meza, na katika kufumba na kufumbua kule Casimir aliona kwamba kiti cha mbele yake hakina mtu, na sauti inaendelea kusema kutoka kwenye kiti kile kile kisicho na mtu, haikukatika, haikushtuka, na aliona sahani yake ni kavu, haijawahi kutiwa kitu, na mkono wake mwenyewe unatoka kwenye sahani ile kavu kwenda kinywani, unarudi, unakwenda tena, na taya zake zinatafuna.

Giza likarudi. "Kula," ile sauti ilisema. "Inapoa."

Alikula. Na kesho yake alikonyeza tena mara tatu. Utasema ni mjinga. Haya, sema. Pengine wewe hujawahi kulala katika nyumba ambamo hakuna wa kukuuliza umeshindaje.

Ilikuwa mwezi wa nane, saa moja na robo, mashini imekwisha zimwa, ndipo alipokuja Saleh. Huyu alikuwa fundi wa mitumbwi, kijana wa familia za Waislamu wa ufukweni, na mke wake Zubeda alikuwa hospitalini tangu adhuhuri. Saleh alipiga mabati kwa ngumi zote mbili.

"Tata Casimir! Washa! Washa courant, nakuomba! Mutoto amekaa vibaya, sista anataka kupasua, anasema bila taa atamuua! Tata, bibi yangu iko anakufa!"

Casimir alinyoosha mkono gizani kutafuta manivela, chuma cha kuzungusha mashini mpaka iwake. Na hapo, ndani ya nyumba ya mashini, mahali ambapo hajawahi kufika, mwenzake alisema karibu kabisa na sikio lake:

"Usiwashe."

Tope la ziwa lilijaa puani.

"Ukiwasha, mi naenda. Utaniita, sitasikia tena. Utabaki wewe na ile muhogo yako ya baridi." Kisha, kwa upole ule ule: "Mwambie mukaba, ule mkanda wa mashini, umekatika. Ataamini. Si siku ile ulikatika?"

Casimir alisimama. Nje Saleh alikuwa anaita jina la Mungu. Na katika kusimama kule, akiwa na mkono juu ya chuma baridi na pumzi ya mtu asiyepumua shingoni mwake, akamkumbuka Florentine, yule wa kweli, aliyewahi kumuuguza Marthe homa kwa siku nne bila kulala, aliyekuwa akitia chumvi mno mpaka wakagombana, na akajua bila kuambiwa na mtu kwamba huyo, kama angekuwa hapa, kama angeweza kusema neno moja tu kutoka kule alikofunikwa shuka, neno lenyewe lingekuwa washa.

"We si bibi yangu," akasema, na kusema hivyo kulimuuma kuliko mazishi.

Akashika manivela. Mikono miwili ikashika juu ya mikono yake, minyevu, baridi, mizito, ikavuta chini kila alipovuta juu, na alizungusha akilia, akazungusha akiita Maria na watakatifu wote aliowajua, mpaka mashini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Taa ya juu ikawaka. Hapakuwa na mtu. Kwenye saruji palikuwa na maji tu, na majani mawili ya ziwa.

Hakuizima mpaka asubuhi. Zubeda alizaa msichana aliyelia kwa nguvu, na mama yake akaishi.

Casimir alimweleza Saleh kila kitu, na Saleh akamleta mjomba wake, Mwalimu Mashaka, mtu mkavu, mfupi wa maneno, aliyetibu watu wenye majini kuanzia Baraka mpaka Uvira. Mzee alikagua jiko lisilo na jivu, akasikitika. Akafukiza ubani, akasoma, akamwaga chumvi katikati ya mafiga. Marthe, aliyekuwa mlangoni na rozari yake, alisema kwamba yeye Mukatoliki hajui mambo hayo, lakini chumvi imwagwe nyingi. Chungu alimofungiwa yule jini, kilichozibwa kwa kitambaa, kikapakiwa mtumbwini, Saleh akapiga kasia mpaka Ubwari, ng'ambo ya ghuba, akakizika huko.

"Nimemuvusha," Mashaka alisema. "Huyu hawezi kuvuka ziwa bila kupokelewa. Usikonyeze tena mara tatu. Na yeye akikuita, usiitike, usimuandalie kitu."

"Ataniita na nini, mwalimu?"

Mzee alikunja msala wake. "Mi sijui, mwanangu. We ndiyo ulimufundisha kuita."

Taa za Baraka zikawa zinazimwa saa tatu kamili. Muzungu alifurahi, akadhani ni kazi ya mkanda mpya uliofika kutoka Albertville. Marthe alileta chakula Jumapili, chenye chumvi, akakaa kidogo, akaenda kwake. Saleh alipita mara mbili na mtoto mgongoni mwa Zubeda, halafu kazi zikamshika. Watu ni wema, lakini kila mtu ana nyumba yake. Casimir alirudi kwenye muhogo wa baridi, akanenepa kidogo, na jioni hakusema neno na mtu mpaka kesho yake asubuhi.

Mwezi wa sita wa mwaka uliofuata, hewa imekauka na ziwa limetulia, alikonyeza mara moja, akangoja dakika zake kumi, akazima. Akatoka nje, akafunga mlango. Mbele yake ng'ambo yote ya Ubwari ilikuwa nyeusi. Kule hakuna mashini, hakuna nguzo, hakuna waya.

Taa ikawaka ng'ambo, karibu na maji. Ikafumba, ikafumbua. Ikafumba, ikafumbua. Ikafumba.

Bandika maji, niko nakuya.

Casimir alisimama pale muda mrefu, ufunguo mkononi, akiogopa sana. Alimfikiri Mwalimu Mashaka. Alimfikiri mtoto wa Zubeda, ambaye sasa ana meno. Kisha akatembea kwenda kwake, akapasua kuni, akawasha moto, akabandika maji ya bugali, maji ya watu wawili. Alipomaliza alichukua kopo la chumvi rafuni, akavuka ua, akaliacha mlangoni kwa Marthe.