Sura Tatu Alizobakiza Bibi

Kila alasiri, Cheche alipotoka shule, alivua sare, akala kilichobaki jikoni, kisha akampelekea Babu chai. Babu alikaa karibu na dirisha, mikono juu ya magoti. Macho yake yalizimika miaka minne iliyopita, lakini vidole vyake vilikuwa bado vinaona. Alikuwa mjalidi, fundi wa kushona vitabu na kuvitia majalada. Ukimpa kitabu, alipapasa mgongo wake tu, akakwambia kilishonwa vizuri au kiliripuliwa.

"Mchumba wangu amefika?" aliuliza.

"Mimi siolewi na mtu asiye na meno!"

"Meno ya nini? Kwani chai inatafunwa?"

Zamani wangecheka mpaka Bibi aje kuwagombeza. Sasa walicheka kidogo tu. Bibi alifariki miezi mitatu iliyopita, akiwa anamsomea Babu riwaya moja ya kale. Alibakiza sura tatu.

Riwaya hiyo ilimhusu binti wa fundi saa aliyependana na mpima ardhi, enzi za magari ya farasi na magauni ya kuburura chini. Babu aliijalidi mwenyewe ujanani, akampa Bibi siku ya harusi yao. Kwa makusudi hakuzikata kingo za kurasa. Kurasa zilibaki zimeshikana mbili mbili, ili msomaji azipasue taratibu kwa kisu cha mti kadiri anavyosonga mbele. "Tutaisoma tukizeeka," Bibi alisema. Babu, aliyejalidi maelfu ya vitabu bila kusoma hadithi hata moja, akakubali.

"Nimalizie wewe, Cheche," Babu aliomba. "Nataka kujua mwisho wao."

Cheche aliahidi. Jumatatu akawa na hesabu za shule. Jumanne wenzake walimwita kuruka kamba. Siku zikapita hivyo hivyo, leo kesho, leo kesho. Jumamosi akaenda kwa mama mdogo, msusi wa mtaa wa pili, na huko kwenye televisheni akaikuta filamu iliyotokana na riwaya ileile.

Jamani, ilikuwa tamu! Magauni yalimeremeta kwa mwanga wa mishumaa, farasi walipasua ukungu, na mpima ardhi aliandika barua miaka saba bila kuchoka. Mama mdogo aliacha kusuka, kitana mkononi.

"Miaka saba!" alisema. "Wa siku hizi ukimwuliza umekula, hajibu."

"Dada, nimebaki na kichwa nusu," mteja alilalamika.

"Tulia, shoga, wanaoana hao!"

Kweli wakaoana, mvua ikiwanyeshea. Cheche alilia kwa furaha.

Kesho yake Babu aliuliza, "Leo je?" Cheche akafungua kitabu. Sura zilikuwa ndefu, maneno yenyewe ya kizamani. Basi akasema kurasa amekwisha kuzipasua, akaanza kusimulia filamu kwa sauti ya mtu anayesoma. Mara kwa mara alifunua kurasa zile za mwanzo zilizokwisha kusomwa, ili Babu asikie karatasi.

"...wakaoana katikati ya mvua. Mwisho."

Alingoja Babu atabasamu. Babu hakutabasamu.

"Wameoana? Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo, Babu."

"Bibi yako aliisoma usichanani, katika kitabu cha kuazima. Alipoanza kuumwa, akasema sasa tufungue hiki changu. Aliniambia, 'Mwisho wake utakuliza, mume wangu, lakini utakufaa.' Miaka arobaini na mitatu hakuwahi kunidanganya. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshamchanganya." Akageuza uso kuelekea ukutani. "Sijui basi ni mangapi aliyoniambia siku zile yalikuwa yake, na mangapi ya ugonjwa. Kiweke kabatini."

Tangu hapo Babu hakumtaja Bibi tena. Chai ilipoa mbele yake, na chakula kikarudi jikoni kama kilivyokwenda. Jumatano Cheche alimwuliza mama mdogo kama filamu na kitabu huwa na mwisho mmoja.

"Nani kakudanganya? Wenye filamu hubadilisha watakavyo. Marehemu mama alituambia kile kitabu kinaliza."

Cheche alirudi nyumbani mbio, akafungua kabati. Kurasa za sura tatu za mwisho zilikuwa bado zimeshikana. Kisu cha mti kilikuwa palepale. Angeweza kuzipasua haraka, ionekane alizisoma, na hakuna ambaye angejua kamwe. Alikishika kisu. Kisha akamkumbuka Babu na uso wake ukutani. Bibi alikuwa amemfia mara ya pili, na mara hii aliyemwondoa alikuwa yeye, Cheche.

Akakiacha kisu, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti na kumwekea Babu kitabu mikononi.

"Babu, sikusoma. Nilikusimulia filamu. Bibi hakuchanganyikiwa. Ni mimi niliyedanganya."

Kidole gumba cha Babu kilipita juu ya kingo zilizofungana, polepole, mpaka mwisho. Machozi yakamtoka.

"Siku nne nimemdhania mke wangu vibaya," alisema. Kisha akanyoosha mkono. "Leta kisu."

Babu akapasua, Cheche akasoma. Ilichukua alasiri tatu. Mpima ardhi alirudi na kukuta mpenzi wake amekwisha kufa kwa homa. Hakuondoka. Alibaki katika mji ule, na kila asubuhi alifungua duka la mzee fundi saa, akatia ufunguo saa moja baada ya nyingine, akasalimiana na wapita njia. Kitabu kiliishia hapo.

Babu alilia kwa sauti, na Cheche akalia naye.

"Kwa hiyo aliendelea kuishi," Babu alisema hatimaye.

"Ndiyo, Babu."

"Basi hilo ndilo alilotaka nilisikie." Akajifuta uso. "Mwambie mama yako nitakula."

Cheche hakuinuka. "Nilikosea kuipenda ile filamu?"

"Hata kidogo! Kizuri ni kizuri. Ungesema, 'Babu, sijasoma, ila nimeona filamu nzuri,' ningekusikiliza kwa masikio yote mawili. Kosa lako ni kuyatia maneno ya filamu mdomoni mwa kitabu. Ulidhani unadanganya juu ya watu wa kubuni, lakini uongo haukai ulipouweka. Huu umemwangukia marehemu asiyeweza kujitetea. Na chanzo ni uvivu wa alasiri chache. Mjukuu wangu, ukiahidi kazi, ifanye. Kama hujaifanya, sema 'sijaifanya.' Neno hilo linauma, lakini halijaua mtu."

Kisha akauliza, "Hesabu za shule umemaliza?"

Ulimi wa Cheche ulitaka kujibu ndiyo. Akauzuia.

"Sijamaliza, Babu."

"Umekufa?"

"Hapana."

"Haya, nenda kazimalize."