Baiskeli Tatu, Gurudumu Moja

Kila asubuhi kabla ya shule, Kengele alipeleka mikate ya mama yake kwa wateja. Jina hilo alipewa na majirani, maana baiskeli yake haikuwa na kengele lakini mdomo wake ulitosha: "Pisheni, mkate wa moto unapita!"

Baiskeli zenyewe zilikuwa tatu, zimeegemezwa ukumbini: ya mizigo, ya shule na ya mashindano. Shangazi alijigonga muundi kila alipokwenda jikoni.

"Wewe mtoto una miguu mingapi?" alifoka. "Mtu mmoja, baiskeli moja!"

"Mbona wewe Shangazi una viatu kabati zima?"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Mama hakucheka. "Uza mbili."

"Siuzi hata moja!"

Jambo alilowaficha ni kwamba gurudumu zima la nyuma lilikuwa moja tu. Alilihamisha kwa spana kutoka baiskeli hii hadi ile, akajiona mjanja.

Jumapili jioni alilifunga kwenye ya mashindano, akawaringia wenzake. Asubuhi alipotaka kulirudisha kwenye ya mizigo, nati ilikuwa imelika. Spana ikateleza, ikateleza tena. Ya mashindano haikuwa na pa kufungia kapu, basi akajitwika mikate kichwani, akatoka mbio kwa miguu.

Muuza chai, mteja mkubwa kuliko wote, alikuwa ameshanunua kwingine. "Nilimwonya mama yako hivi: Ukichelewa tena, basi."

"Kosa ni langu, mama hana hatia," Kengele alisema, jasho likimtiririka, lakini macho hakuyainamisha. "Nijaribu kesho. Nikichelewa, sitakanyaga hapa tena."

Muuza chai akaguna. "Kesho tu."

Nyumbani alikiri yote. Kisha fundi wa jirani akaikata ile nati, na Kengele akaifungua baiskeli ya mashindano vipande vipande: gurudumu zima likaenda kwenye ya mizigo, na vifaa vilivyobaki vikafufua gurudumu bovu la ile ya shule. Kesho yake alifika kwa muuza chai kabla maji hayajachemka.

"Nafasi ya ukumbini ni jambo dogo," mama alimwambia. "Baiskeli ambayo haiwezi kutoka asubuhi si baiskeli, ni mapambo. Miliki zile unazoweza kuzitunza."

"Basi ni mbili."

"Moja!" Shangazi alidakia kutoka jikoni.

"Mbili, Shangazi! Njoo uzikague, kila moja ina magurudumu yake."

Mama akamkabidhi kopo la grisi. "Mbili. Anza na ile ya mizigo."