Ukurasa wa Samaki katika Daftari la Vipimo

Kila asubuhi, kabla ya chai, Sindano alianza na tangi la samaki.

Sindano halikuwa jina lake halisi. Shangazi yake ndiye aliyembandika jina hilo, kwa sababu msichana huyo alikuwa mrefu na mwembamba, na kwa sababu shangazi mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Likizo ile shangazi alikuwa ameteleza kwenye ngazi akavunjika mguu. Mguu ulifungwa plasta kuanzia pajani mpaka kwenye vidole, naye akawa mtu wa kitandani, chumba cha nyuma. Mama alimwambia Sindano, "Utakaa na shangazi yako mpaka shule zifunguliwe. Usimwache peke yake muda mrefu." Basi Sindano akahamia huko, ghorofa ya tatu, nyumba ya vyumba viwili na dirisha moja linalotazama uwanja.

Tangi la kioo lilikuwa sebuleni, kwenye meza iliyo karibu na cherehani, pale wateja wanaposubiri kupimwa. Maji yake yalikuwa ya chumvi kama ya bahari. Ndani waliishi samaki wawili wa rangi ya chungwa, waliofuatana kila mahali kama maharusi, na kamba mmoja mdogo mwekundu mwenye ndevu ndefu nyeupe. Shangazi alimpenda huyo kamba kuliko wote. Alimwita Fundi Mdogo, kwa kuwa miguu yake haikutulia. Ilidonoadonoa mawe kama cherehani inayoshona.

Kazi ya Sindano ilikuwa kuwalisha, kuongeza maji mpaka kwenye alama, na kupima chumvi. Kipimo kilikuwa kijichombo cha plastiki chenye mshale. Unachota maji, unakigonga taratibu mpaka mapovu yote yatoke, unasubiri mshale utulie, ndipo unasoma. Mshale ulitakiwa kuonyesha thelathini na tano. Namba hiyo iliandikwa katika daftari la vipimo, lile lile la wateja. Ukurasa mmoja ulikuwa na kiuno cha mwalimu mkuu, wa pili mabega ya bwana harusi, na wa tatu samaki.

"Kiasi gani leo?" shangazi aliuliza kila siku kutoka chumbani.

"Thelathini na tano, shangazi!"

"Safi kabisa, daktari wangu."

Jumatatu ya wiki ya pili, rafiki yake wa ghorofa ya chini alimwita mlangoni. Watoto wote walimwita Redio, maana akishawashwa hazimwi. "Wewe! Timu inakungoja. Unagongagonga nini hapo kama fundi saa?"

Sindano alitazama mshale uliokuwa bado unacheza. Siku zote ni thelathini na tano, akawaza, kuna haja gani? Akaandika namba bila kupima. Tena, ili asisumbuke, akaandika na za siku zinazofuata mpaka Jumapili, kwa kalamu moja na kwa kikao kimoja. Kisha akateremka ngazi mbio kwenda kucheza.

Kesho yake, katika sala ya asubuhi, shangazi alimshika mkono. "Mungu wangu," akasema, "asante kwa mtoto huyu. Mimi siwezi kufika sebuleni, lakini umenipa macho yasiyonidanganya."

Sindano alifungua mdomo aseme Amina. Neno likagoma kutoka.

Wiki ile aliona jambo lingine. Maji ya tangi yalikuwa yakipungua sana. Kwa kawaida aliongeza jagi moja kwa siku, maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo, yasiyo na chumvi, kwa sababu maji yakigeuka mvuke huiacha chumvi yake nyuma. Sasa alihitaji jagi nne. Labda ni joto, akajiambia. Hakumwambia shangazi. Aliogopa swali moja lingezaa la pili, na la pili lingefika kwenye daftari.

Jumatatu iliyofuata Fundi Mdogo hakutoka kula. Sindano alimkuta nyuma ya jiwe, amelala ubavu, ndevu zimelegea. Wale samaki maharusi nao walikuwa wametulia chini kabisa. Akachukua kipimo, akachota, akagonga mapovu, akasubiri.

Ishirini na sita.

Akamwaga, akapima upya. Ishirini na sita.

"Kiasi gani leo?" sauti ya shangazi ikaja.

Ukurasa ulikuwa wazi mbele yake, wenye namba saba za thelathini na tano zilizopangwa kama vifungo vya shati. Akisema ukweli wa leo, ataulizwa ya jana. Akinyamaza, Fundi Mdogo atakufa. "The... thelathini na tano," akasikia mdomo wake ukisema.

"Mbona sauti imekwama?"

"Mafua, shangazi."

"Pole, mwanangu. Kunywa maji ya moto."

Upole ule ulimbana kuliko matusi. Sebule ikawa ndogo. Alisogea dirishani, akarudi kwenye tangi, akaenda tena dirishani. Hakukuwa na pa kwenda.

Redio alipokuja, Sindano alimnong'oneza yote. Redio hakufikiri hata kidogo. "Chumvi imepungua? Si uongeze! Jikoni kuna kopo zima. Mwaga humo, koroga, tukacheze. Nani atajua?"

Sindano akaleta kopo. Akafungua mfuniko wa tangi, akainua mkono. Kivuli cha mkono kilipoangukia maji, Fundi Mdogo alinyanyua ndevu. Taratibu, kwa kujikokota, akaanza kuusogelea mkono ule. Alidhani ameletewa chakula.

Sindano akaliweka kopo chini. "Ee Mungu, nisaidie," akasema. Kisha akaingia chumba cha nyuma.

Shangazi alikuwa ameketi kitandani akifumua pindo la sketi.

"Shangazi, namba ni za uongo."

"Namba zipi?"

"Zote. Tangu Jumatatu iliyopita. Na ya leo pia. Nilikwenda kucheza."

Shangazi aliweka mkasi chini. Macho yakamlowa, lakini hakupaza sauti. "Na ya kweli ni ngapi?"

"Ishirini na sita. Nimepima mara mbili."

"Hasira yangu itasubiri. Fundi Mdogo hawezi. Ulikuwa unaongeza maji kiasi gani?"

"Jagi nne kwa siku."

"Nne! Jua gani hilo lenye kiu namna hiyo? Nenda chini ya meza. Pitisha mkono nyuma ya pampu inayozungusha maji ya tangi."

Sindano na Redio wakatambaa chini ya meza. Mpira wa kupitisha maji ya pampu ulikuwa umelegea kwenye kiungo, na tone moja moja lilidondokea kwenye beseni kubwa la mabaki ya vitambaa. Vitambaa vilikuwa vimeloa chepechepe, na pembeni vimeganda unga mweupe wa chumvi. Maji ya chumvi yalikuwa yakitoka kila siku, na Sindano akiweka yasiyo na chumvi mahali pake. Wakakikaza kiungo mpaka matone yakakoma, kisha Sindano akarudi chumbani.

"Sasa nitie chumvi yote leo, shangazi, yaishe?"

"Thubutu! Nguo ikimbana mteja, huwa naivuta kwa nguvu mpaka ichanike? Nafumua mshono mmoja mmoja. Kamba hawezi kustahimili mabadiliko ya ghafla. Ungemuua wewe badala ya maji. Na hiyo ya jikoni irudishe. Ina ladha ya chumvi tu, haina vyote vilivyomo baharini. Chukua ile ya ndoo nyeupe, iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji, kamwe si ndani ya tangi. Iache izungushwe na ile pampu ndogo ya akiba mpaka kesho. Kisha utoe maji kidogo ya tangi na kurudisha haya polepole. Namba ipande moja kwa siku, isizidi."

Sindano akahesabu. "Siku tisa!"

"Tisa. Na siku hizo, uwanjani huendi." Shangazi akanyoosha mkono. "Lete daftari. Piga mstari kila namba ya uongo, andika pembeni: sikupima."

Zilikuwa siku ndefu. Asubuhi alitoa maji na kuweka maji, jioni alipima. Kelele za timu zilipanda mpaka dirishani, zikamkuta ameshika jagi. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Siku ya nne mshale ulikataa kusogea. Kalamu ilisita mkononi mwake, thelathini ingependeza.

"Kiasi gani?"

"Ishirini na tisa, shangazi. Ni ile ile ya jana."

"Vizuri."

"Vizuri vipi, nayo haijapanda?"

"Kwa sababu namba ya kweli naweza kuifanyia kazi. Kesho ongeza chumvi kidogo kwenye ndoo."

Siku ya kumi shangazi alifika sebuleni kwa mara ya kwanza, akiwa juu ya magongo mawili, anahema. Fundi Mdogo alikuwa juu ya jiwe, akishona hewa kwa miguu yote. Sindano akampa shangazi kipimo. "Pima wewe mwenyewe."

"Kwani wewe macho huna?"

Sindano akapima. Aligonga mapovu, akasubiri mpaka mshale ukatulia kabisa. "Thelathini na tano."

Shangazi hakuinama kutazama. Aliketi mbele ya cherehani yake. "Sikiliza, mwanangu. Ulipoacha kupima, tatizo lilikuwa dogo, tone tu chini ya meza. Namba zako nzuri ndizo zilizolificha mpaka likawa kubwa. Siku uliyonipa namba mbaya ya kweli, dawa ilipatikana kabla hujatoka chumbani kwangu. Ukiharibu, sema mapema. Halafu tengeneza polepole, usilipue kazi."

"Nimeelewa, shangazi. Nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe. Kukosa kwenda uwanjani ndiyo iliyokuwa adhabu yako."

Asubuhi iliyofuata, katika sala, shangazi alimshika mkono kama zamani. "Mungu wangu, asante kwa macho uliyonipa sebuleni."

"Amina," akasema Sindano, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Redio, ghorofa ya chini.