Kengele Iliyochelewa

Dorine alisogeza video mbele kwa ncha ya kidole, picha moja tu, akasimama. Mpira ulikuwa bado mkononi. Akasogeza tena. Bado mkononi. Mara ya tatu kidole kikateleza, video ikaruka hadi mwisho, pale wasichana wa Kimulot walipokuwa wakikumbatiana, naye akalazimika kuanza upya kwa mara ya tisa asubuhi hiyo.

Alikuwa ameketi nyuma ya jikoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari la hesabu likiwa gotini. Kapu la kuchumia chai lilikuwa kando yake, tupu. Simu haikuwa yake. Ilikuwa ya Molly, dada mkubwa wa Calvince, mwanafunzi mwenzake, na ilipaswa kurudi kwa mwenyewe kabla ya saa sita. Kioo chake kilikuwa na ufa, na ufa huo ulipita juu ya mkono wa kulia wa mchezaji, Dorine mwenyewe, mkono ule ule aliokuwa akiutafuta.

Nyanya yake, ambaye wote nyumbani walimwita Kogo, alipita na maziwa ya ndama.

"Tangu juzi unatazama mchezo huo huo," alisema. "Umeshabadilika?"

"Bado, Kogo."

"Basi hata chai haijabadilika. Bado iko shambani inakungoja."

Dorine alisogeza picha nyingine moja. Mchezo wenyewe ulikuwa wa Alhamisi. Siku hiyo timu yao ya mpira wa kikapu ilikuwa nyumbani, Kiptere, ikicheza na shule ya Kimulot katika nusu fainali. Mshindi angekwenda kucheza fainali mjini Kericho Jumamosi ijayo. Kimulot walikuwa na pointi thelathini na moja, Kiptere thelathini. Dorine, nahodha, aliupata mpira zikiwa zimebaki sekunde chache, akadunda mara mbili, akaruka na kurusha. Kengele ya shule, kile kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mti kando ya meza ya waamuzi, ikalia kuashiria mwisho wa mchezo. Mpira ukaingia. Uwanja mzima ukapiga kelele. Kisha mwamuzi, Bwana Omariba, akavuka mikono yake hewani mara mbili. Mpira ulikuwa bado mkononi muda ulipokwisha, alisema. Kikapu hakihesabiwi.

Msichana mmoja wa Kimulot alimpita Dorine akamwambia kwamba wakati mwingine aje na saa. Labda ni maneno hayo yaliyomchoma. Alimfuata Bwana Omariba hadi mezani, na mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa shule mbili akamwambia, "Refa, umetuuza."

Bwana Omariba hakubishana. Alimwonyesha tu mahali pa nahodha kutia sahihi, kwenye karatasi ya matokeo, kama timu yake haikuridhika. Dorine alitia sahihi kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi.

Wazo la video alilipata kwenye televisheni ya hoteli moja sokoni, ambako mechi za wachezaji wa kulipwa huonyeshwa. Huko aliwaona waamuzi wakienda kando ya uwanja, wakivaa vifaa vya kusikilizia masikioni, wakitazama marudio kwenye skrini kabla ya kuamua. Kama wale wakubwa wanatazama mara ya pili, kwa nini yeye akubali kuhukumiwa kwa mara moja? Na kwa bahati Calvince alikuwa amerekodi mchezo mzima kwa simu ya dada yake.

Saa nne na nusu, hatimaye, aliipata. Alisikiliza mlio wa kengele unapoanzia, akarudi nyuma picha moja moja, akihesabu kwa sauti. Mpira ulitoka mkononi picha nne kabla ya kengele kusikika. Alirudia mara tatu, akaandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake.

Mwalimu Weldon, mwalimu wa michezo, aliishi karibu na shule. Aliitazama video hiyo mara mbili, akakuna kidevu, akasema inaonekana ni kweli. Aliandika barua ya malalamiko papo hapo. Barua ilitakiwa kufika kwa waandalizi kule Kericho Jumatatu kabla ya saa sita, pamoja na maelezo ya mwamuzi mwenyewe. Alimwagiza Dorine ampelekee Bwana Omariba habari hiyo jioni kwenye kituo cha kununulia chai, ambako alifanya kazi ya kupima majani.

Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, Dorine alichuma chai bila kununa. Aliingia kati ya mistari, vidole vikikata majani mawili na chipukizi, akitunga kichwani maneno atakayowaambia wasichana wa Kimulot.

Ng'ambo ya bonde jirani mmoja alikuwa akipasua kuni. Dorine alimtazama bila kumtazama, kama unavyotazama kitu ulichokizoea tangu utotoni. Shoka lilishuka kimya. Lilipokuwa limekwisha kuinuliwa tena, ndipo mlio ukafika. Shoka likashuka. Kimya. Kisha mlio.

Vidole vyake vikasimama juu ya chai.

Calvince alikuwa amesimama wapi?

Alijua jibu, na alitamani asingelijua. Calvince alikuwa amepanda ukingoni, kwenye ua wa shamba la chai lililo juu ya uwanja, kwa sababu chini watu walikuwa wengi na kutoka kule vikapu vyote viwili vilionekana. Kengele yenyewe haikuonekana, ilifichwa na watazamaji. Ilisikika tu. Na mlio huo ulikuwa umepanda kilima kizima kabla ya kuingia kwenye simu.

Alimwendea Calvince na kumweleza. Calvince alisikiliza, akarusha kijiwe, akakiokota tena.

"Sasa nani atajua?" aliuliza. "Mwalimu ameona, ameandika. Si ukae tu kimya."

"Labda sauti haikuchelewa sana. Labda ni picha mbili tu."

"Labda."

"Twende tupime," Dorine alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuambiwa asiende.

Saa tisa Molly alikuja shuleni na simu yake, maana hakutaka itoke machoni pake tena. Aliwapa dakika kumi. Calvince alipanda hadi mahali pale pale pa Alhamisi, akaelekeza simu kwenye kengele, ambayo sasa haikuwa na mtu wa kuificha. Dorine alichukua nondo akagonga reli mara tano, akipumzika kati ya pigo na pigo. Kisha waliketi nyasini watatu na kuhesabu. Nondo iligusa reli. Picha ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Walipofika ya saba mlio ukaanza. Pigo la pili, saba. La tatu, saba.

Dorine alitoa nne katika saba. Mpira ulikuwa umetoka mkononi picha tatu baada ya kengele.

"Kwa hivyo refa alikuwa sawa," Molly alisema, akiinuka na kupangusa sketi. Dorine aliitupa nondo chini, kisha akarudi akaiokota na kuiweka mahali pake.

Njia ya kwenda kwa Mwalimu Weldon na ile ya kituo cha chai ziliachana langoni. Dorine alisimama hapo muda mrefu. Angeweza kunyamaza. Timu yake ingekwenda Kericho, na katika uwanja mzima ni watu watatu tu wangejua. Alijiuliza kama angeweza kurusha mpira mbele ya Calvince akijua kwamba Calvince anajua. Akashika njia ya kituo, akaseme ukweli.

Bwana Omariba alikuwa nyuma ya meza ya kukagulia majani. Kila gunia lililomfikia alitia mkono hadi chini, akatoa majani ya chini kabisa na kuyatazama kabla ya yale ya juu. Dorine alingoja hadi foleni ikaisha. Kisha alieleza yote, kuanzia picha nne hadi picha saba, akiyatazama majani badala ya uso wa mtu.

"Kwa hivyo tulishindwa," alimalizia.

"Mlishindwa."

"Kwa picha tatu, mzee. Hata jicho halipepesi upesi hivyo."

"Ni kweli," Bwana Omariba alisema, wala hakujaribu kumfariji. Alikusanya majani yaliyomwagika mezani. Alisimulia kwamba kabla ya kuja huku alichezesha ligi miaka tisa, na mara mbili aliketi kwenye meza ya waamuzi katika mashindano ya klabu za kulipwa, karibu na skrini ya marudio. "Unajua wanatazama nini wakitaka kujua kama muda ulikwisha? Hawategemei sauti. Ubao wa kikapu una taa nyekundu inayowaka muda ukiisha. Wanatafuta taa na mkono ndani ya picha moja. Mwanga haukawii njiani kama sauti."

"Sisi hatuna taa."

"Hatuna. Tuna masikio yangu. Mimi nilikuwa karibu na kengele, macho yangu kwenye mkono wako. Lakini hata mimi hukosea, Dorine, ndiyo maana sikukasirika ulipotia sahihi. Kutaka jambo litazamwe tena ni haki yako." Alisukuma majani kando. "Lile neno lingine ndilo lililoniuma."

Dorine alisema samahani. Ilitoka ndogo.

"Nimeipokea. Ila ulilisema mbele ya watu, kwa hivyo utalirudisha mbele ya watu. Jumatatu, gwaride la asubuhi." Kisha akasema polepole, kama mtu anayepima uzito wa kila neno: "Video ni shahidi mzuri, lakini lazima umuulize alikuwa amesimama wapi. Wengi huitazama wakiwa na jibu tayari, na likitokea wanalolitaka, huzima simu. Wewe uliendelea kuuliza hadi likaja usilolitaka. Hiyo ndiyo kazi ya mwamuzi. Na anayeuliza hivyo hana haja ya kumwita mtu mwizi kabla ya kupata jibu."

Jioni hiyo, Dorine alipomweleza, Mwalimu Weldon aliikunja barua akaiweka mfukoni, akasema wacheze vizuri mwakani. Wasichana wa timu hawakusema vizuri hivyo. Wawili walipita kwao Dorine kumuuliza kama sasa yeye ni wa Kimulot.

Jumapili, baada ya kanisa, Bwana Omariba alifika shuleni na taa nyekundu ya nyuma ya pikipiki kuukuu, betri, swichi na waya mrefu. Alitaka kuijaribu hapo kabla ya kuipeleka Kericho, kwa kuwa ndiye angechezesha fainali. Calvince alipanda ngazi akaifunga taa juu ya ubao. Dorine aliushusha waya nguzoni na kuuvuta kuelekea meza ya waamuzi, akiubana chini kwa vijiti ili watu wasijikwae. Hatua nne kabla ya kufika mezani, waya ukaisha.

Aliuvuta kidogo, kana kwamba ungekubali kurefuka. Wakati huo huo mvua ya alasiri ikaanza kusikika juu ya chai, ikija upande wao.

"Tuache," Bwana Omariba alisema, akifunika betri kwa gunia. "Kesho nitaleta kipande kingine."

"Jumamosi taa hii itawawakia Kimulot," Dorine alisema.

"Itawawakia."

Dorine alisimama kwenye ncha ya waya, matone ya kwanza yakimpiga mabegani. Kisha alichuchumaa, akaifunga fundo kwenye kijiti cha mwisho isije ikasombwa, akakimbilia chini ya paa. Kesho kulikuwa na waya wa kuunga na maneno ya kusema mbele ya shule nzima. Kipimo cha waya alikijua, ni hatua nne tu; cha maneno hakukijua.