Mndimu wa Sumaya na Jivu la Kila Asubuhi

Zamani, harufu ya samaki aina ya mukeke wa kuchoma ikitoka kwa Mzee Shakuru, majirani wa mtaa wa Buyenzi walikuja kupiga hodi. Walitaka ndimu. Mkewe, Sumaya, aliupanda mndimu ule kwa mkono wake, na hakumnyima mtu. Alichuma huku akicheka.

Sasa Sumaya alikuwa makaburini, na mti ulikuwa unamfuata. Majani yalikuwa madogo, ya njano, yamebaki na kijani kwenye mishipa tu. Binti yao, Khadidja, alishatoa neno: mvua zikianza mti haujapona, utakatwa, pajengwe chumba.

Kila asubuhi Shakuru alizoa jivu la imbabula, jiko la makaa, akalimwaga shinani, kama alivyofanya marehemu mkewe. Kisha akamwaga bidoni nzima ya maji, pwaa! Maji yakakimbilia mtaroni.

"Bomba limekauka tena," alinung'unika. "Kule Kiriri kwa wakubwa hata maua yanaoga. Wao ndio wanaua mti wangu."

Jirani yake Odette, Mama Patrick, Mkongomani anayeuza dawa za kutibu mimea mtaa wa Asiatique, alimsikia.

"Apana, Baba Khadidja. Wakubwa wana makosa yao, lakini hili si lao. Ni jivu."

"Jivu? Sumaya mwenyewe alitia jivu!"

"Alitia kiasi gani?"

Shakuru aliuona tena ule mkono mdogo wa mkewe. "Kiganja kimoja. Siku moja moja. Kufukuza siafu."

"Na we unatia ndoo! Jivu likizidi, udongo unafungia zinki na manganizi, chakula cha muti. Muti unazitaka kidogo tu, kama chumvi mu mchuzi. Zikikosa, unakonda vile mutu."

"Sema umekuja kuniuzia dawa, Mama Patrick."

"Nitakuuzia, ndiyo. Mi sili hewa."

Jivu likakoma, dawa ya zinki na manganizi ikanunuliwa. Jioni, jua limepoa, Shakuru alivaa glavu, akafunika pua na mdomo. Odette alimsomea kipimo cha kwenye pakiti.

"Usiongeze hata tone, mzee. Mapenzi yako ni ya ndoo; dawa haitaki hivyo."

Mzee alinyunyizia majani juu na chini, kisha akanawa kwa sabuni.

Kesho yake walitoboa vifuniko vya chupa za plastiki kwa sindano, wakazikata chupa matako. Wakazisimika kichwa chini pale kivuli cha mti kinapoishia, maana mizizi inayokunywa iko huko. Wakazijaza maji, yakadondoka: to, to, to. Wakatandika nyasi kavu, mbali kidogo na shina, ili jua lisinywe maji. Bidoni iliyokuwa ikiisha mara moja sasa ilitosha siku kadhaa.

Mvua zilipokaribia, majani mapya yalichipua, mapana, ya kijani. Khadidja alishika moja, akalinusa.

"Papa, chumba kitangoja."

Msimu uliofuata mti ulizaa. Shakuru aliweka mukeke motoni, huku bado akiwasema wakubwa wa Kiriri kwa ajili ya maji. Mara mlango ukagongwa.

"Hodi! Mzee, ndimu ziko?"

Shakuru aliinuka, akaufungua.

"Ziko," alisema. "Karibu. Kwa Sumaya hanyimwi mtu."