Bakuli la Mzazi

Siku mama alipokwenda kujifungua, Kitinda aliamka akakuta kitanda kitupu, na nywele zake hazina wa kuzisuka. Mama alirudi, lakini kwa Kitinda ilikuwa kama hajarudi. Mikono yake ilijaa mtoto.

Miaka yote Kitinda alikuwa kitindamimba. Sasa jina lilibaki, cheo kilikwenda.

Shangazi, fundi cherehani, alifunga kazi yake akaja kupika. Jikoni kulinukia maini na mboga za majani.

"Usiguse! Hilo bakuli ni la mzazi. Maharage yako yale pale."

"Kwani mimi sikuzaliwa?"

"Ulizaliwa, tena na mdomo huohuo!" Shangazi alicheka.

Kitinda alipeleka bakuli chumbani kwa wivu. Alimtazama mtoto akinyonya.

"Mama, siku hizi hunipendi."

Mama alimsogezea bakuli. "Kula, mwanangu. Shangazi asijue."

Kitinda alikula maini yote, akanywa na mchuzi. Ikawa hivyo kila mlo. Bakuli lilirudi jikoni jeupe, na Shangazi akajisifu, "Mzazi wetu anakula, jamani!" Kitinda akamtupia mtoto jicho la ushindi.

Asubuhi moja mama alisimama, akayumba, akashika ukuta. Midomo ilikuwa imemkauka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Shangazi akamwita mkunga, jirani yao. Mkunga alimfunua mama ukope wa chini wa jicho.

"Damu imepungua. Leo aende zahanati. Anakula nini?"

"Kila kitu! Hasazi hata tone."

Mama aliinamia shuka. Kitinda alijua kwamba hatamtaja kamwe, na hilo ndilo lililomchoma.

"Ninakula mimi," alisema. "Nilitaka anipende mimi."

Shangazi aliinua mwiko. Mkunga akamzuia, akamketisha Kitinda kando yake.

"Mama alipoteza damu alipojifungua. Maini, mayai na mboga humrudishia nguvu. Maji nayo anayahitaji sana, maana ananyonyesha. Chakula chake ni cha wawili. Na mtu aliyekupa tonge lake akabaki na njaa, utasemaje hakupendi? Ukiona wivu, mjukuu wangu, sema. Usiulishe."

"Nami nilikosea," mama alisema polepole. "Ningekusuka tu."

Mama alitibiwa zahanati akapata nguvu, na Shangazi amesharudi kwenye cherehani yake. Mtoto akianza kunyonya, Kitinda humletea mama kikombe cha maji, husimama hapo mpaka kiishe, kisha huketi chini asukwe.